Kuhesabu Hadi Ishirini na Nne

Mama amedeki mahakama ya mwanzo miaka kumi na mmoja.
Sheria ameisikia akiwa ameinama,
tambara la gunia mkononi, jiki ikimla vidole,
na wakubwa wakidhani sakafu haina masikio.

Jioni tukimenya viazi ananisomesha:
"Gwakisa, ukikamatwa, uliza kosa.
Usikimbie, usisukume,
usitukane hata kwa Kinyakyusa, wanakielewa.
Jina lako wape. Maelezo yana wakati wake.
Na saa. Andika saa."

Mimi nacheka. Yeye hacheki.
"Mjomba wako Asajile alilala ndani siku tisa
kwa sababu ukoo mzima hakuna aliyejua
kuhesabu hadi ishirini na nne."

*

Isyonje, alfajiri. Ukungu umeshuka
hadi taa ya pikipiki haioni gurudumu lake.
Nyuma yangu magunia mawili, si lumbesa, nimeyapima.
Mkono ukatoka kwenye weupe.
"Zima."

Nikazima.
Leseni, nikatoa. Bima, nikatoa.
Maji yanadondoka kwenye kofia ya afande, tone, tone.
"Viazi vya nani?"
"Vya shemeji, wa Kikondo."
"Kikondo jana usiku wameiba ghala. Lete simu. Fungua."

Hapo yote yakaniruka.
Sheria ikawa kama pikipiki asubuhi ya baridi:
unapiga kiki,
unapiga kiki,
haiwaki.

Fuso ikapita, ikatumwagia mwanga,
nikaona namba kwenye bega lake.
Ikawaka.

"Afande, nimekamatwa?"
Sauti yenyewe ya kifaranga.
"Kama nimekamatwa, kwa kosa gani?
Na jina lako, nikiulizwa, niseme nani?"

Kimya.
Kisha: "Ohoo! Sikujua njoo umwone huyu,
wakili wa viazi!"
Sikujua ndilo jina la mwenzake, au la utani, hadi leo sijui.
Wakacheka. Nikacheka nao kidogo, kwa woga,
halafu nikaona aibu, nikaacha.

Nikachukua kalamu, nikaandika kiganjani:
12:15.

*

Nisikudanganye, haki haikunifungulia njia.
Nilipelekwa. Nilikaa kwenye benchi lenye mguu mfupi,
nikachelewa soko, nikakosa chai,
nikaitwa wakili mara saba.
Lakini karatasi ya vitu vilivyochukuliwa niliisoma kabla ya kusaini,
polepole, kama mtu anayekula perege gizani.
Waliandika gunia moja.
Nikasema, mawili.
Wakaandika mawili.

Nikaomba kumpigia mtu wangu.
Mama akaja na gauni la kazini, mikono inanuka jiki,
hakupaza sauti.
Kaunta ilikuwa na tangazo ukutani,
juu yake wametundika kalenda ya duka la pembejeo,
ng'ombe mnene wa maziwa, mwezi wa mwaka juzi.
Mama akaiinua kalenda kwa kidole kimoja
akasoma kilichokuwa chini:
dhamana haiuzwi.
Akaiachia. Ng'ombe akarudi mahali pake.
"Nasubiri," akasema, akakaa
kwenye upande wa benchi wenye mguu mfupi.

Saa kumi jioni shemeji akafika na mjumbe wake.
Ghala lililoibiwa lilikuwa la mahindi.
Hakuna aliyeomba radhi.

*

Ila yule Sikujua alinisaidia kupakia.
Alifunga kamba vizuri, fundo la mkulima,
akawasha tochi, akazima, akawasha.
Kisha, bila kunitazama:
"Mdogo wangu yuko ndani, Tunduma. Tangu Ijumaa.
Wanasema upelelezi unaendelea.
Huyu mama... anapatikana saa ngapi?"

Mama alikuwa ameshapanda nyuma, juu ya viazi,
khanga imefungwa kichwani.
Alimsikia. Sakafu ina masikio.
Sikugeuka, lakini niliuhisi mkono wake mgongoni,
vidole vinafunguka kimoja kimoja:
Ijumaa.
Jumamosi.
Jumapili.